Pezi wima, la mwinamo au mlalo? Kuchagua pezi la ubao wa tanga kwa maji ya Dodoma na Singida

Wenyeji wanasimulia kwamba jina la Dodoma limetokana na neno la Kigogo, idodomya, yaani limezama: tembo alikwama matopeni, mji ukabaki na jina. Mimi nilizama Hombolo, bwawa la karibu na mji huo. Nilikuwa nimehamia kutoka Dar es Salaam pamoja na ofisi, ubao wangu wa tanga umefungwa juu ya keria ya Noah, na chini ya ubao huo nimefunga pezi la mbio la sentimita 42 ambalo baharini lilikuwa fahari yangu. Upepo ulikuja vizuri, ubao ukainuka ukaanza kuteleza, nikahesabu kama mita themanini hivi, kisha pezi likachoma tope. Ubao ulisimama. Mimi sikusimama.

Kijana aliyekuwa anakagua nyavu zake alisogeza mtumbwi, akanipa shikamoo yangu kwanza, ndipo akauliza: "Mzee, hicho kisu cha chini ni cha kazi gani?"

Nilimjibu huku bado natema maji. Upepo ukiliingia tanga unausukuma ubao ubavuni, na bila kisu hicho ungekwenda upandeupande kama jani. Kisu kinagoma kwenda ubavu, basi ubao hauna pa kukimbilia ila mbele.

"Sasa si ukifupishe tu," akasema, akapiga kafi akaondoka.

Ushauri ule ni sahihi nusu. Nusu nyingine ndiyo inayowatesa wenzangu waliokuja na mbao zao huku bara, na ndiyo wanayoniuliza: niweke pezi lipi nipate kasi? Nimetumia aina tatu, na hapa naziweka ubavu kwa ubavu.

Kabla ya kulinganisha: hewa nyepesi, maji mafupi

Pezi hufanya kazi kama bawa la ndege lililochomekwa majini. Nguvu yake hukua kwa mraba wa kasi, maana yake ukiongeza mwendo mara mbili, pezi lilelile linakupa nguvu mara nne. Ukishakimbia hulihitaji kubwa. Eneo lote la ziada ni msuguano wa bure. Lakini ukiwa bado unatambaa, pezi dogo halina cha kukupa. Ugomvi wote uko hapo.

Huku kwetu kuna mambo mawili yanayouchochea ugomvi huo, na majedwali ya watengenezaji hayayataji kwa sababu yameandikiwa watu wa pwani.

La kwanza ni hewa. Dodoma iko karibu mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar kwa takriban sehemu moja ya kumi. Kipimo cha upepo kitakuonyesha kilomita 30 kwa saa hapa na kule, lakini msukumo si mmoja. Tanga la mita za mraba 7.8 linavuta Hombolo kama la 7.0 linavyovuta Msasani, Dar. Singida, kwenye mita 1,500 hivi, upungufu unakaribia asilimia 14, na tanga lilelile linageuka kuwa la 6.7. Bwawa la Mtera, lililo karibu mita 700, hasara ni kama asilimia saba.

Sasa jedwali linakwambia: tanga 7.8, pezi la sentimita 38 hadi 42. Ukilitii, unabeba pezi la tanga ambalo huna. Maji hayapungui uzito kwa kuwa uko juu ya uwanda. Pezi linabaki na nguvu yake yote, tanga ndilo lililodhoofika. Katika mwendo mkali utaona mkia wa ubao unanyanyuka na kuchezacheza, na wewe unalaumu mawimbi. Kanuni yangu ni rahisi: lisome jedwali kana kwamba tanga lako ni dogo kwa saizi moja. Mimi kwa 7.8 nimetulia kwenye sentimita 36 au 37. Kuna atakayekumbusha kwamba maji ya bahari ni mazito kuliko maji baridi. Ni kweli, kwa asilimia mbili na nusu hivi, na mguu wako hautaisikia tofauti hiyo.

La pili ni kina, na nitalirudia kwa kirefu kwa sababu lilinitoa damu puani.

Kwa hiyo vigezo vyangu ni vitano: mwendo wa juu, wepesi wa kuamka (yaani ubao kuinuka na kuanza kuteleza), kushika maji bila kuponyoka, kina na majani, na mwisho mfuko na matengenezo.

Wagombea

Pezi wima ni lile la mbio: refu, jembamba, limesimama karibu kama rula, limeinama nyuma nyuzi chache tu. Pezi la mwinamo ndilo linalokuja na mbao nyingi unapozinunua. Kitako chake ni kipana na limekunjwa nyuma kama pezi la pomboo. Pezi mlalo limelazwa nyuma kama nyuzi 45, ili majani yanayolipiga yateleze hadi nchani na kujitoa yenyewe. Kwa tanga lilelile la 7.8, pezi mlalo huwa na sentimita 28 hadi 30 tu, kwa kuwa eneo lake limetandazwa nyuma badala ya kushuka chini.

Yuko na mgombea wa nne anayesifiwa sana, ambaye nitamtaja na kumpisha: pezi la upande mmoja, lenye uso mmoja uliobinuka na mwingine karibu bapa. Antoine Albeau wa Ufaransa alifikisha noti 53.27, karibu kilomita 99 kwa saa, kwa wastani wa mita 500 kule Lüderitz, Namibia, mwaka 2015. Kule wamechimba mfereji maalumu, unakimbia kuelekea upande mmoja, kisha unarudishwa mwanzo kwa gari. Pezi la aina hiyo linafaa mahali pa namna hiyo. Hombolo hakuna gari la kukurudisha, utageuza ubao mwenyewe, na ukigeuza tu pezi lako limekuwa kinyume.

Mwendo wa juu

Kwenye maji tulivu, upepo ukikupiga ubavuni, pezi wima linaongoza. Umbo lake jembamba na refu linatoa nguvu nyingi kwa msuguano kidogo. Shida yake huanza upepo unapozidi na maji kuanza kurukaruka: linaunyanyua ubao, na hapo kasi inakuwa suala la moyo wako. Pezi la mwinamo ni nene zaidi, kwa hiyo kwenye kilele cha mwendo linapoteza kidogo, ila ubao unatulia, na mtu aliyetulia hasiti kulivuta tanga. Nimewaona watu wakiongeza kasi kwa kuvua pezi "la kasi" na kuweka hili.

Pezi mlalo ndilo lililonishangaza. Nilitegemea linikokote kama nanga. Kupanda dhidi ya upepo, yaani kubisha kama wasemavyo wa pwani, kweli linachelewa. Lakini ukiupa upepo kisogo kidogo na kuuachia ubao ukimbie, saa yangu ya GPS ilionyesha tofauti ndogo kuliko nilivyokuwa tayari kukubali. Australia kuna Lake George, ziwa lenye kina kifupi na majani mengi, ambako wapenda kasi hukimbia na mapezi mafupi ya kulala, na hakuna anayewaita wazembe.

Kuamka

Upepo wa bara hauji sawasawa. Jua linachoma ardhi kavu, hewa inapanda, na upepo unashuka kwa mafungu: dakika mbili unavutwa mikono itoke, dakika moja umesimama kama mlingoti wa bendera. Baharini wakati wa kusi hukutani na mchezo huu.

Hapa pezi wima linafaa kweli. Urefu wake unakuamsha mapema na unakuvusha kwenye vile vipindi vya ukimya, ubao ukiendelea kuteleza. La mwinamo linahitaji fungu la upepo lililokomaa kidogo. Mlalo ndilo zito kuamka: lielekeze kwanza kule upepo unakokwenda, pampu tanga mara tatu nne, ubao ukishateleza ndipo ubishe taratibu. Ukilazimisha kubisha kabla halijashika, unakwenda ubavu kama kaa.

Kushika maji

Aliyewahi kuponyokwa na pezi hasahau. Unakwenda vizuri, ghafla mkia unachomoka na kuteleza kando, kana kwamba pezi limekatika. Halijakatika. Upande mmoja wa pezi una mgandamizo mdogo wa maji, na hewa ya juu ikipata njia hushuka na kuufunika upande ule. Pezi linabaki limezungukwa na hewa badala ya maji. Dawa yake ni kuacha kusukuma. Ondoa uzito kwenye mguu wa nyuma, ukunje, uvute mkia urudi chini yako, na maji yatalikumbatia pezi tena.

Pezi wima jembamba linakuponyoka ukilisukuma mapema, mwendo ukiwa bado mdogo. Likishakimbia linashika kama reli. La mwinamo, kwa unene wake, linakusamehe hata ukilikanyaga vibaya, na hii ndiyo sababu kubwa ya kumpa anayejifunza kasi. Mlalo liko katikati: halipendi kupigwa teke la ghafla, bali msukumo unaoongezeka polepole. Watu wenye mguu mzito wa nyuma hawaelewani nalo.

Kina na majani

Ukiwa umesimama, ubao wenyewe unazama kidogo chini ya uzito wako. Jumlisha pezi la sentimita 37 na unahitaji maji ya kiunoni ili uwe na amani. Kwa pezi mlalo, maji ya juu kidogo ya goti yanatosha. Tofauti inaonekana ndogo mpaka uione Hombolo mwezi wa Oktoba.

Bwawa la Hombolo lilijengwa mwaka 1957, na tangu hapo mvua za kila masika zimekuwa zikilishushia tope. Pembezoni ni kina kifupi kwa mbali kuliko macho yanavyokudanganya, na chini ni laini, kwa hiyo pezi haligongi, linachomeka. Ndivyo nilivyorushwa. Kwenye ghuba zenye matete na magugu, pezi wima linakusanya majani kama uma unavyokusanya tambi. Dakika mbili tu mwendo umekufa na unalaumu tanga. La mwinamo linayaachia baadhi. Mlalo linayaachia karibu yote.

Mtera ni habari nyingine. Maji yake hupanda na kushuka kati ya mita 690 na 698.5 kutoka usawa wa bahari, na visiki vya miti iliyozamishwa bwawa lilipojaa bado vimesimama humo. Kisiki ulichokipita juu mwezi wa tano kinaweza kukukata mwezi wa kumi. Pezi wima likikigonga, boksi la pezi, yaani tundu la ubao linaloshika kitako chake, linapasuka pamoja na mkia wa ubao. Mlalo lina nafasi ya kupanda juu yake na kupita. Lakini niseme wazi: Mtera kuna viboko na mamba. Mimi siingii bila kuwauliza wavuvi asubuhi ileile, na ghuba zake siziingii kabisa. Hakuna pezi la kumkimbia kiboko.

Singidani, ziwa la pale Singida mjini, maji ni ya chumvi, upepo ni wa uhakika zaidi, na mawe ya Singida mnayajua: hayakuishia nchi kavu. Tembea kwa miguu eneo utakalokimbilia kabla ya kufunga chochote. Na kokote kwenye maji baridi yaliyotuama, kumbuka kichocho.

Mfuko na matengenezo

Dodoma sijaona duka la mapezi. Unaagiza, au unamvizia anayeuza vyake pwani. Pezi wima la kaboni la mbio linaweza kukugharimu mara mbili au tatu ya pezi la kawaida la mwinamo, ambalo pengine unalo tayari. Mlalo liko kati yao.

Jambo la kuuliza kabla ya bei ni boksi. Kuna Tuttle, inayokazwa na bolti mbili kutoka juu ya ubao. Kuna Deep Tuttle, ndugu yake mwenye kina zaidi. Kuna Power Box yenye bolti moja. Na kuna boksi la Kimarekani lenye mfereji mrefu na kibao cha skrubu. Hawaazimani. Pezi zuri lisiloingia kwenye boksi lako ni pambo la sebuleni.

Nyenzo nayo ina neno. G10, fibaglasi iliyoshindiliwa ikawa bamba moja gumu, ni ile ile mpaka ndani: likibonyea kwa jiwe unalipiga msasa na maisha yanaendelea. Kaboni ina ngozi ya nje inayobeba kazi yote, na ukiisaga kwa pupa umeliua. Kwa ufa wa epoksi au fibaglasi, fundi wa bodi za magari anaijua kazi, mradi umwonyeshe umbo lenyewe na umkataze kuongeza unene.

Kulifunga

Nimeona watu wakinunua kasi kwa fedha kisha wakaipoteza kwenye boksi. Vumbi la Dodoma linaingia kila mahali, na chembe za mchanga kwenye Tuttle zinatosha kulikalisha pezi kombo. Futa boksi kwa kitambaa chenye maji, futa na kitako cha pezi. Lisukume kwa mkono mpaka likae lenyewe. Bolti kazi yake ni kulishikilia, si kulivuta kwa nguvu. Likicheza, zungushia kitako selotepu nyembamba. Likibana sana, piga msasa kidogo kidogo pande zote mbili sawa. Kisha geuza ubao, simama nyuma yake, funga jicho moja: pezi liwe mraba na tumbo la ubao.

Kwenye boksi la Kimarekani unaweza kulisogeza pezi. Nyuma ubao unakwenda mnyoofu na kutulia. Mbele unageuka kwa wepesi. Kwa kasi anza nyuma.

Makali ya mbele yapitishe kidole. Kila kijeraha unachokisikia ni mlango wa hewa. Tumia msasa wa maji namba 400, kisha 600, ukimaliza na 1000, ukifuata urefu wa pezi. Makali ya nyuma yaache yawe membamba na yamenyooka. Pezi linaloimba ukikimbia mara nyingi linalalamikia hapo.

Mwisho ni mguu wa mlingoti, yaani pale mlingoti wa tanga unapoungana na ubao, kwa sababu ni nusu ya pezi ingawa hauko majini. Uanzie katikati ya mfereji wake. Ubao ukinyanyuka pua na kurukaruka, usogeze mbele sentimita moja. Ukiwa umeganda majini, rudisha nyuma. Badilisha kitu kimoja tu kwa safari moja. Mimi nilibadilisha vitatu siku moja na mpaka leo sijui kipi kilisaidia. Ukitoka Singidani, fungua bolti na uzioshe kwa maji baridi siku hiyohiyo, la sivyo chumvi itazila.

Kwa hali yako

Kama una pezi moja tu, lile lililokuja na ubao, na bado kwenye fungu la upepo unaogopa kulivuta tanga hadi mwisho, baki na la mwinamo msimu huu. Lipige msasa, lifunge vizuri, na pesa ya pezi jipya itumie kwenye safari.

Kama unakimbilia katikati ya Hombolo baada ya masika, maji yamejaa, nawe umeshazoea kuteleza ukiwa kwenye kamba zote mbili za miguu, pezi wima litakulipa kwa kukuvusha kwenye vipindi vya ukimya. Chukua saizi moja chini ya jedwali. Mwenye kilo zaidi ya 90 asishuke sana. Uzito wake unalisukuma pezi kwa bidii kuliko wa mwenye 65.

Ikiwa nafasi yako ni kuanzia Agosti hadi Novemba, maji yameshuka na upepo ndio umechanganya, pezi mlalo litakupa saa nyingi za kukimbia kuliko mengine yote. Litafaa pia Singidani, na kwa yeyote asiyetaka kuulizwa na mke wake kwa nini mkia wa ubao umefungwa selotepu.

Anayeenda Paje au Jambiani, Zanzibar, mara moja kwa mwaka, na siku nyingine yuko Dodoma, anunue mlalo kwa huku na alibakishe la mwinamo kwa kule. Maji yakitoka, ufukwe ule nao una kina kifupi na mwani wa kutosha kumfanya alikumbuke lile alilolipakia chini ya kiti.

Mimi? Lile la sentimita 42 bado ninalo. Yule kijana wa nyavu ameniomba nimuuzie, anasema litafaa kupalilia.